Kipara, Gari Nililolipasua kwa Mikono Yangu

Nimekosa. Naanza na neno hilo kwa sababu nikianza na maelezo nitajitetea, na mimi nikianza kujitetea huwa siishi. Jina langu nimeomba lisiandikwe. Majina ya wenzangu nimeyabadilisha, ingawa watu wa Kirumba, Mwanza, wa miaka ile wakifika katikati watajua ni nani anayesemwa. Basi wajue. Walinicheka sana, lakini kisa chenyewe hawakukipata.

Gari walilijua wote. Lilikuwa gari la mbio la milango miwili, rangi ya damu ya mzee, limekaa chini chini, na paa lake lilikuwa turubai jeusi. Unabonyeza swichi, turubai linajikunja lenyewe nyuma ya viti, unabaki na anga tupu kichwani. Watoto wa Mwaloni, pale soko la samaki, ndio waliolipa jina. Gari lisilo na paa wakaliita Kipara.

Tena lilikuwa la otomatiki! Leo hilo si jambo la kusimulia, lakini wakati ule madereva walikuwa wanakuja kuchungulia miguuni waone kama ni kweli halina klachi. Pedeli mbili tu, breki na mafuta. Walinitania kwamba nimenunua gari la mtu mvivu. Mafundi wengi walikuwa hawajawahi kuligusa la namna ile, ukiwafungulia boneti wanarudi nyuma wakijifuta mikono ambayo hata haijachafuka.

Nililipenda, jamani! Nililifuta vumbi kwa fulana zangu mwenyewe. Kwenye zile barabara zetu za mawe nilikuwa naliendesha polepole mpaka wenye baiskeli wananipita na kunipungia mkono.

Nililipata hivi. Ilikuwa miaka ile biashara ilipofunguliwa, kila mtu akaachwa atafute kwa nguvu zake. Mji mzima ukawa na maneno mawili tu mdomoni, samaki na dhahabu. Viwanda vya minofu vilikuwa vinaota kando ya ziwa, na wazungu wa kutafiti madini walikuwa wanavuka Busisi kwenda Geita na kurudi na udongo kwenye vifuko. Mimi nilishika samaki, tena si samaki mwenyewe. Nilinunua mabondo, yaani kile kifuko cha hewa kilichomo tumboni mwa sangara. Wanunuzi wa nje wanakililia kuliko nyama, na wanakifanyia nini sijui mpaka leo. Nilichojua mimi ni kupasua. Unamlaza sangara, unapitisha kisu, unaingiza mkono, unatoa kilicho cha thamani. Kinachobaki unamwachia mwenye shida nacho.

Kazi hiyo ilinipa hela na ikanipa ugonjwa. Pale Mwaloni nimeona sangara aliyeshindiliwa mawe ili mizani ipande. Nimeuziwa mabondo yaliyolowekwa maji, na aliyeniuzia ni mtu tuliyekaa benchi moja kanisani. Ukikaa hapo muda mrefu huwezi tena kukiamini kitu kwa kukitazama nje. Nikawa mtu wa kubonyeza kila kitu. Mkate nabonyeza. Salamu ya mtu nabonyeza. Hata wewe unayesoma hapa nimeshakushuku kwamba unacheka.

Basi mzungu mmoja wa madini mkataba wake ulikatika, akawa anaondoka haraka, akaniuzia Kipara. Alinipa ufunguo, akalipiga gari kofi dogo kama mtu anavyomuaga ng'ombe wake, akaenda zake uwanja wa ndege. Siku hiyo sikushuku lolote. Nilikuja kushuku baadaye, na nikashuku vyote kwa pamoja.

Kuendesha nilifundishwa na mtu nitakayemwita Mabula. Kabla ya samaki nilikuwa utingo wake kwenye lori la pamba la ushirika. Alinifundisha bila kunitukana, na anayewajua madereva wa malori wa zamani ataelewa hiyo ilikuwa neema ya namna gani. Tukisubiri pantoni pale Busisi tulikuwa tunakula ugali sahani moja, na akishiba ananiambia, "Mdogo wangu, leo utaendesha mpaka Sengerema." Ushirika ulipolegea mimi nikakimbilia Mwaloni, yeye akapata lori la mtu binafsi. Likapinduka naye mlimani. Akavunjika goti.

Nilimpelekea sukari hospitali. Alipotoka nilikwenda kwake Mabatini mara moja, nikakaa nusu kitako, nikasema nitarudi. Sikurudi. Kwanza ilikuwa biashara, halafu ikawa aibu. Nikipita karibu na kwake na Kipara limefunguliwa turubai, nilikuwa naongeza mwendo kidogo. Hilo nalo liandikeni.

Sasa, habari ya kuuza. Nilikuwa nimeanza nyumba Kirumba mlimani. Kuta zilisimama, zikaota majani juu, hela ikawa inaliwa na Kipara. Kipuri chake kilikuwa kinaagizwa nje ya nchi kama dawa ya mgonjwa mahututi. Mke wangu, Mama Neema, alivumilia hadi siku mvua ilipotukuta njiani na ile swichi ikagoma. Tulilowana sote watatu, na Neema alikuwa na homa.

"Nyumba haina paa, gari halina paa," aliniambia. "Mimi na mtoto tukimbilie wapi?"

Alisema kwa upole, na ndiyo maana iliniingia. Nikatangaza kwamba nauza, huku naomba Mungu asitokee mnunuzi. Wakija nawatafutia sababu. Mmoja viatu vyake vilikuwa na matope. Mwingine alivuta sigara karibu na viti. Mwingine aliliita "kigari", nikamfungia geti. Mama Neema alikuwa ananitazama tu na kutikisa kichwa.

Ndipo akaja Faustine.

Alikuja mchana, mtu mwembamba, mpole, shati limepigwa pasi sawasawa. Nilikuwa simjui. Akasema ametumwa na mtu anayelitaka gari. Nikamuuliza ni mtu gani. Akasema mwenyewe atakuja siku ya kulichukua. Nikataja bei ya kumfukuza, bei ambayo hata mimi niliona haya kuitamka. Akasema, "Sawa, nitamfikishia."

Sawa? Jamani, mji huu hata fungu la dagaa watu wanavutana mpaka mama muuzaji anatishia kufunga kapu! Gari zima mtu anasema sawa? Hapo moyo wangu ukasimama kwa miguu miwili.

Halafu akaniomba nifungue turubai. Nikafungua. Akaomba nisogeze kiti cha dereva nyuma hadi mwisho. Nikasogeza. Akatoa mfukoni futi ya fundi cherehani, ile ya kukunjika, akapima kuanzia kiti mpaka pedeli. Akapima upana wa mlango. Akapiga magoti kwenye mchanga na lile shati lake safi, akatazama sakafuni, upande wa kushoto wa breki, pale ambapo gari lingine lingekuwa na klachi. Akapapasa zulia la pale kwa kiganja. Akatabasamu peke yake.

"Injini huitazami?" nikamuuliza.

"Hapana, kaka. Mimi nimeambiwa niangalie hapa tu."

Hapa tu! Maneno hayo nililala nayo na nikaamka nayo. Tulikubaliana Jumamosi mchana waje na hela. Alipoondoka nikaenda pale alipopapasa, nikapapasa na mimi. Nikagonga. Kwa masikio yangu ya siku ile palilia vibaya.

Nilikuwa na rafiki, nitamwita Pasko. Alikuwa dalali wa dhahabu, ingawa dhahabu yenyewe sijawahi kumwona nayo. Nilimwelezea akiwa anachokonoa meno, na nilipofika kwenye futi akaacha kuchokonoa. Akanipangia mambo moja moja kwa sauti ya chini. Mwenye gari wa kwanza alikuwa mtu wa madini na aliondoka kwa haraka. Mnunuzi hataki kuonekana. Bei havuti. Injini haitaki. Anapima sakafu. Wazungu wale, akasema, dhahabu wanayoificha mamlaka hawaibebi mkononi. Wanaiacha ndani ya kitu, halafu wanamtuma mtu akinunue kile kitu.

"Halafu nikuulize," akasema Pasko. "Magari yote yana klachi. Hili halina. Pale pa klachi wameweka nini?"

Swali la kijinga kabisa! Lakini mtu aliyezoea kutoa mali tumboni mwa samaki, ukimwambia kuna tumbo hajalipasua, akili inakwenda zake.

Kuanzia hapo nikawa mlinzi wa gari langu mwenyewe. Nililihamishia ndani ya kuta za ile nyumba isiyo na paa, nikaziba mlango kwa mabati. Mtu akiniuliza Kipara liko wapi, namuuliza na yeye anataka kujua kwa nini. Sikwenda Mwaloni. Mabondo yangu yakanunuliwa na wengine.

Kisha nikaamua kumfuatilia Faustine. Niliulizauliza, nikaelekezwa Mabatini, kwenye kibaraza cha mafundi cherehani. Nikafika karibu na pembe ya duka, nikachungulia. Faustine alikuwa kwenye cherehani. Pembeni yake kwenye benchi walikaa wanawake wawili wakicheka. Mmoja alikuwa amenipa mgongo, amejitanda kanga. Wa pili alikuwa Mama Neema.

Mke wangu akainua macho akaniona. Kicheko kikakatika pale pale. Akamgusa mwenzake goti.

Nikageuka nikaondoka bila hata salamu. Wewe ungefikiri nini? Mimi niliyafikiri yote mawili, lile la mwanamke na lile la dhahabu, na niseme ukweli wa aibu yangu, lile la dhahabu ndilo lililoniuma zaidi.

Aliporudi nilikuwa nimekaa mlangoni. Nikamuuliza alikuwa wapi. Akasema alipeleka gauni la Neema lipunguzwe. Nikamuuliza Faustine ni nani kwake. Akasema ni fundi wa nguo. Nikamuuliza kwa nini hakuniambia kwamba anamfahamu mnunuzi wangu. Akawa anakunja ncha ya kanga.

"Baba Neema, liuze tu," akasema mwishowe. "Utakuja kunishukuru. Nimeahidi nisiseme zaidi."

"Wamekuahidi fungu gani?"

Alianza kucheka, halafu akaona sichezi. "Fungu la nini?" akauliza.

Nikamwambia maneno ambayo sitayaandika, kwa kuwa Neema sasa ni mtu mzima na anasoma magazeti. Nilimwambia akakae kwa dada yake Igoma mpaka nimalize kazi yangu. Hakubishana. Alifunga vitu vichache, akambeba mtoto mgongoni, na alipofika mlangoni akasema atarudi Jumamosi, kwa sababu Jumamosi nitaelewa. Nami nikayachukua maneno hayo kuwa kitisho.

Jumamosi asubuhi Pasko akaja na bisibisi, spana, tindo na msumeno wa chuma. Mnunuzi angekuja mchana. Tulikubaliana tutoe kilichomo, turudishie vizuri, gari tuliuze kama kawaida. Ndivyo tulivyodhani, turudishie vizuri!

Tulianza na milango. Tukavua mbao zake za ndani, tukakuta waya na vumbi. Tukachana turubai kwenye mikunjo, maana Pasko alisema ni nene mno kwa kitambaa cha kawaida. Kilikuwa kitambaa cha kawaida. Tukang'oa viti, nikapitisha kisu changu cha samaki kwenye kiti cha abiria kuanzia juu hadi chini. Sifongo likatoka, likatapakaa kwenye mchanga. Cha dereva nilikiacha kwa sababu mkono ulikuwa umechoka, si kwa huruma.

Chini ya viti nilikuta maganda ya karanga na kiatu kimoja cha Neema. Kile kiatu tulichomchapia kwa kukipoteza. Nilikishika, nikakitazama, nikakiweka juu ya tofali. Mtu mwenye akili angeishia hapo.

Sisi tukaendelea. Tukakata zulia, tukakata sakafu upande wa kushoto wa breki, tukauona mchanga wa chini ya gari. Hakuna kitu. Pasko akasema basi kimo ndani ya giaboksi, kwa kuwa giaboksi la otomatiki ni kubwa kuliko la kawaida, na ukubwa huo lazima una sababu. Tulilinyanyua gari kwa jeki na matofali. Tulifungua nati zilizokubali kufunguka, zilizokataa tukazipiga kwa nyundo. Kifuniko kilipopasuka yakamwagika mafuta mekundu, mengi, yakatiririka hadi kwenye ndala zangu. Nikaingiza mkono ndani. Nilipapasa kama ninavyompapasa sangara, nikageuza mkono huku na huku. Nikatoa chuma. Nikatoa chuma kingine.

Pasko alikaa juu ya ndoo, akawasha sigara. Akasema labda walishaitoa. Kisha akakumbuka ana shughuli mjini, akachukua msumeno wake akaondoka. Niliachwa peke yangu katikati ya kuta zangu, nimeshika chuma kinachodondosha mafuta mekundu, na hata hapo, naapa, nilikuwa bado nafikiri nipasue matairi.

Nikasikia pikapu inasimama nje. Nikasikia sauti ya Mama Neema, sauti ya furaha, akimwambia mtu, "Taratibu, shemeji, kuna tofali hapo."

Bati likasogezwa. Aliingia mke wangu amevaa gauni lake la Pasaka. Nyuma yake aliingia Faustine. Na katikati yao, ameshika fimbo, suruali ya kaki mpya imenyooshwa mistari, akaingia Mabula.

Mguu wake wa kushoto haukukunjika. Goti lilikuwa limeganda, mguu mzima umenyooka, anaurusha pembeni kila akipiga hatua. Wa kushoto! Mguu wa klachi. Nilikuwa nimemtembelea hospitali, nilikuwa nimekaa kwake nusu kitako, na sikuwahi kujiuliza hata mara moja ni mguu gani uliovunjika.

Mama Neema alishika mdomo. Faustine akawa anatazama lile tundu la sakafu, pale pale alipopapasa na kutabasamu.

"Shikamoo, kaka," nikasema.

"Marahaba, mdogo wangu." Akatazama gari, akatazama kisu, akatazama mikono yangu. "Limepatwa na nini?"

Nami nikadanganya. Mungu anisamehe, nilisimama na kisu mkononi nikamwambia limeharibika, nilikuwa nalitengeneza!

Hakunibishia. Alimwambia mke wangu amechoka kusimama. Kulikuwa hakuna pa kukaa isipokuwa kile kiti cha dereva nilichokisaza, kipo chini kwenye mchanga. Faustine akamshika kwapa, Mabula akajishusha polepole, akakaa. Mguu wa kushoto akaunyoosha mbele, ukakaa vizuri, haukugusa kitu. Mguu wa kulia akaukanyagia mchangani, akauinua, akaukanyagia pembeni kidogo. Breki. Mafuta. Mikono ikainuka magotini kidogo, halafu akaishusha.

"Lingenitosha," akasema.

Mama Neema akamletea maji kutoka kwa jirani. Akanywa, akashukuru kwa Kisukuma, wabeja, akarudisha kikombe. Wakamwinua, wakaondoka na ile pikapu waliyoikodi. Ilikuwa waje nayo na warudi na Kipara.

Mengine nilielezwa na mke wangu, tena si siku ile. Siku ile hakunisemesha. Yule mwanamke aliyekuwa amenipa mgongo pale Mabatini alikuwa mke wa Mabula, na Faustine ni kaka wa huyo mwanamke. Huyo mwanamke na Mama Neema walikuwa jumuiya moja ya kanisani. Mke wangu ndiye aliyemwambia mwenzake kwamba kuna gari linaloendeshwa kwa mguu wa kulia peke yake na kwamba mwenyewe anataka kuliuza. Mabula alikuwa amekaa ndani tangu ajali, hataki kutoka, hataki kutazama barabara. Aliposikia habari hiyo aliomba anyolewe ndevu.

Ndugu zake walikubali kuuza ng'ombe. Mpango wao ulikuwa Kipara libebe maharusi. Mji mzima halikuwapo gari lingine la wazi, na kila bibi harusi wa Mwanza angelitaka, na dereva angekuwa Mabula mwenyewe. Alikataza nisiambiwe kwa sababu alijua nitampa kwa huruma, au nitakataa kwa aibu. Na alimwagiza Faustine asivutane bei nami hata kidogo. Alisema, yule ni mdogo wangu, nisije nikaonekana nimemnyonya.

Basi hiyo ndiyo dhahabu yangu!

Niliyoyalipa nayajua. Fundi mmoja wa Kihindi pale mjini, mzee mwenye heshima zake, alikuja kulitazama gari. Alitazama giaboksi, akanitazama mimi, akauliza kama kuna mtu ananichukia. Vipuri havikupatikana. Kipara liliuzwa kwa watu wa vyuma chakavu, na watoto waliolipa jina walilisindikiza wakiimba. Mama Neema alirudi, tunaishi, amenizalia wengine wawili. Lakini nikimuuliza swali lolote, hata chumvi iko wapi, huwa anasita kidogo kabla ya kujibu, kama mtu anayetafuta ndani ya swali kuna nini. Nilimwambukiza.

Ng'ombe wa Mabula walikuwa wameshauzwa. Hela ikakaa, ikaanza kumegwa na ndugu, ikaisha. Nilitafuta gari jingine la otomatiki kila mahali, hata la namna gani, nimpelekee. Waliokuwa nayo hawakuuza. Yalipokuja kujaa mjini, Mabula alikuwa ameshazeeka na macho yameanza kumwacha. Sasa nakwenda kumsalimu, ndiyo, nakwenda sana. Ananipokea vizuri, mke wake ananiletea chai, tunaongea habari za mvua na za bei ya samaki. Hajawahi kuniuliza kilichotokea. Ila tangu Jumamosi ile haniiti tena mdogo wangu. Ananiita bwana. "Karibu, bwana. Kaa, bwana." Yeye ni mkubwa kwangu na mimi nilikuwa utingo wake, na ananiita bwana!

Wewe uliye na kitu unachokipenda, akaja mtu akakitaka, usinisikilize nikikuambia uuze au usiuze. Mimi si mtu wa kushauri biashara. Nakuonya jambo moja tu. Usimchungulie kwenye pembe za maduka. Usimtafute Pasko wako, kwa kuwa kila mtu ana Pasko wake na huwa yuko karibu. Muulize aliyetumwa, "Ndugu, nipeleke kwa huyo aliyekutuma nikamsalimu." Akikataa, uliza tena. Uliza nyumbani kwako, kwa sauti ya mtu anayetaka jibu na si ya mtu anayetaka mkosaji.

Kwa Mabula na kwangu si mbali. Ni kushuka mlima, kuvuka mjini na kuingia Mabatini. Ningekwenda hata kwa miguu, siku yoyote.